Gia Uliyopandia

Anayejifunza kuendesha gari Musoma hujifunza mengi mapema. Hujifunza kumkwepa bodaboda anayekata kona bila kutazama nyuma, kusubiri ng'ombe wamalize kuvuka, kupita tuta bila kuua shokapu, na kukiona kibao cha 50 kabla trafiki mwenye tochi hajamwona yeye. Kitu kimoja barabara za huku hazimfundishi, nacho ni mlima. Toka Iringo, pita Bweri, fika Makutano, endelea Kiabakari hadi Bunda chini ya Balili: lami inapanda na kushuka kwa upole. Ukikata kuelekea Butiama unapanda, lakini si kupanda kwa kumfanya dereva akae sawa kwenye kiti. Nchi hii inavumilia kila namna ya uendeshaji. Ukishuka na gia ya tano huku mguu umelalia breki, utafika. Ukiweka frii ukaliacha gari liserereke lenyewe, utafika pia, na njiani utajisifu umeokoa mafuta.

Ndiyo maana ubishi wa kijiweni kuhusu kupunguza mwendo, kama ni kazi ya gia au ya breki, huku hauamuliwi na barabara. Unaamuliwa na mwenye sauti kubwa. Wazee waliowahi kuendesha malori husema gari hushikwa na gia, breki ni ya kusimamia tu. Vijana wa Noah na Probox hujibu kwamba breki iliwekwa kwa kazi hiyo, na kwamba pedi ni bei ndogo kuliko klachi. Wote wana hoja. Shida ni kwamba mzee anaongea akiwa na mlima kichwani, kijana anaongea akiwa na tuta la Kiabakari, na hakuna anayemuuliza mwenzake yuko wapi.

Tuanze na kinachotokea ukikanyaga breki. Mwendo haupotei, unageuka kuwa joto. Chukua Probox yenye abiria na mizigo, uzito wote kilo 1,500, ikienda kilomita 80 kwa saa. Nishati iliyomo katika mwendo huo inatosha kuchemsha lita moja na ushei ya maji ya bomba mpaka yatokote. Ng'ombe akitokea mbele na dereva akisimama, nishati hiyo karibu yote inahamia kwenye diski na drami za magurudumu ndani ya sekunde chache, kisha upepo unaipeperusha. Breki nzima haioni taabu. Na kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo, kushuka kutoka 80 hadi 50 pale kwenye kibao tayari kumemwaga zaidi ya nusu yake. Wanaodhani tofauti ya 80 na 50 ni ndogo wangefikiria hilo wanapopita mbele ya shule.

Sasa chukua lori aina ya Fuso lenye uzito wa tani 10 na mzigo wake, likishuka mlima wa mita 300 kwenda chini. Hata lisipoongeza mwendo hata kidogo, linatakiwa litoe joto la kuchemsha zaidi ya lita 90. Sehemu itachukuliwa na upepo na tairi. Inayobaki ina pa kwenda pawili tu, kwenye breki au kwenye injini. Tuseme dereva anaiachia breki joto lote, chuma cha drami zote ni kilo 100, na hakuna nafasi ya kupoa: drami zingepanda kwa nyuzi zaidi ya 600. Hazifiki huko, kwa sababu mambo huharibika mapema. Viatu vya breki vikizidi joto vilichoundiwa hupoteza mshiko. Drami yenyewe inatanuka na kuvikimbia viatu, kwa hiyo pedali inayoleta uzito uleule mguuni haileti tena nguvu ileile kwenye gurudumu.

Kwenye magari madogo yenye breki za mafuta kuna njia nyingine ya kuharibika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, hata kopo likiwa limefungwa vizuri. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, tofauti na mafuta. Mguu unazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Magari mangapi yanayoshinda Mukendo na Nyasho yamewahi kubadilishiwa mafuta hayo tangu yateremke bandarini? Fundi huongeza yakipungua, basi.

Injini nayo inashikaje gari? Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, si injini inayoyazungusha magurudumu. Kwenye injini ya petroli kilango cha hewa kinakuwa kimefungwa, kwa hiyo pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia tundu dogo, na kuhangaika huko ndiko kunakokuzuia. Ongeza msuguano wa pistoni, beringi na pampu. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo injini inavyozungushwa mara nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara, na ndivyo inavyozuia zaidi. Joto linalozaliwa halikai mahali pamoja. Linatoka na maji ya rejeta, na mafuta ya injini, na moshi wa ekzosi, vitu vilivyotengenezwa vitoe joto mchana kutwa bila kuchoka.

Dizeli ni mkaidi kidogo. Nyingi za malori hazina kilango cha kuziba hewa, na hewa inayobanwa na pistoni ikipanda huisukuma pistoni hiyohiyo ikishuka, hivyo nguvu kubwa inarudi ilikotoka. Kwa sababu hiyo Fuso na wenzake huwekewa kizuizi kwenye bomba la ekzosi, kinachofungwa kwa swichi iliyo kando ya usukani. Kuna ufundi mkubwa zaidi, na asili yake ni hofu ya mtu mmoja. Mwaka 1931 Clessie Cummins, Mmarekani aliyejijengea jina kwa injini za dizeli, alikuwa akishuka Cajon Pass huko California ndani ya lori ambalo breki zilishindwa kulishika, na nusura liigonge treni ya mizigo iliyokuwa ikikatiza barabara. Miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu, alibuni mtambo unaofungua valvu za kutolea moshi pistoni inapofika juu, ili hewa iliyobanwa itoke kabla haijarudisha nguvu. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuuza mwaka 1961. Ule mkoromo wa malori makubwa yakiwa mlimani, unaowaamsha watu wanaokaa kando ya barabara, mara nyingi ndio huo.

Kwa hiyo hoja ya mzee ina mizizi. Tena mizizi yake ni mirefu kuliko fizikia. Wengi walijifunzia Land Rover za zamani, zilizokuwa na breki za drami magurudumu yote manne, breki ambazo zikilowa kwenye mto hazishiki mpaka zikauke. Gia ya kwanza na ya pili za Series I na Series II hazikuwa na sinkromeshi, kile kinacholinganisha mizunguko ili gia iingie. Mpaka Series III ilipotoka mwaka 1971 ndipo gia zote za kwenda mbele zikawa nayo. Dereva alitakiwa akanyage klachi mara mbili na kupiga resi katikati, la sivyo gia inalia na haiingii. Mtu aliyefundishwa hivyo hakuchelewa kushusha gia, kwa sababu alijua kuchelewa kunamwacha bila gia kabisa. Tabia hiyo ilimkaa, na ilimkaa hata baada ya magari kubadilika.

Yalipobadilika, kijana akapata haki yake. Kwenye barabara tambarare, kuteremsha gia tano, nne, tatu, mbili ili tu kulisimamisha gari kwenye kituo cha Bweri ni mbwembwe. Kila ukirudisha klachi bila kulinganisha resi, klachi pleti inakula joto ambalo pedi zingelimaliza bila kelele. Pedi hubadilishwa kwa kufungua gurudumu. Klachi hubadilishwa kwa kushusha giaboksi nzima, na mwenye gari ndiye anayelala chini ya mti akisubiri. Kuna sababu nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kijiweni: gia haiwashi taa za nyuma. Ukipunguza mwendo kwa gia peke yake, bodaboda aliyekufuata kwa karibu hana habari mpaka awe kwenye buti lako. Kwenye tuta, basi, kanyaga breki mapema, shuka hadi mwendo unaoutaka, kisha ingiza gia moja tu, ile utakayoondokea. Hakuna ulazima wa kupitia zote.

Hadi hapo mtu wa Musoma anaweza kuishi na hoja ya kijana miaka yote. Hata kutoka Tarime kushuka mpaka daraja la Kirumi kwenye mto Mara, ambako unateremka zaidi ya mita 300, ushukaji wenyewe umetandazwa katika makumi ya kilomita, na sehemu kubwa ya joto inachukuliwa na upepo na tairi. Lakini magari ya Mara hayabaki Mara. Mabasi ya Musoma kwenda Arusha yanayokatiza Serengeti yanapanda hadi ukingo wa Ngorongoro, kisha yanateremka Karatu na Rhotia, na mwisho yanauteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Jumla ni zaidi ya mita 1,000 za kushuka. Lori la dagaa linaloelekea Dar es Salaam kwa njia ya Shinyanga na Nzega linakutana na Sekenke kabla ya Singida. Linalokwenda Mbeya kutokea upande wa Morogoro linapita Kitonga, ingawa kote kuwili, kwa bahati njema ya dereva, lori linapanda. Kushuka kunamngoja siku ya kurudi. Dereva aliyezoea frii ya Kiabakari anafika pale juu na tabia aliyoipata tambarare, na mlima haumpi muda wa kujifunza.

Madereva wenyewe wana kanuni ya zamani: shuka kwa gia uliyopandia. Ni kanuni nzuri kwa sababu inakulazimisha ufikiri kabla, ila ilizaliwa na injini dhaifu. Lori la miaka ya Bedford lilipanda kwa gia ya pili kwa kukosa nguvu, kwa hiyo gia hiyo ilitosha kulishika likirudi. Injini za leo zina nguvu ya kupanda kwa gia ya nne mahali ambapo kushuka kwa gia ya nne ni kujiua. Na huenda ulipanda mtupu, sasa unashuka umejaza. Mimi ningesema: gia uliyopandia, punguza moja, na ukikosea ukosee kwa upande wa gia ndogo.

Kipimo ni rahisi. Gia ikiwa sahihi, ukiachia mafuta gari litakaa kwenye mwendo uleule au litaongeza polepole. Likifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga breki kwa uzito hadi mwendo upungue kilomita kama kumi, kisha achia kabisa. Acha drami zipumue. Likipanda tena, rudia. Kinachoua ni mguu uliolalia pedali muda wote kwa ulaini, maana hapo breki inapata joto bila kupata hata dakika moja ya kulitoa. Harufu ya kuungua inayoingia dirishani, ile ambayo abiria hudhani ni ya gari jingine, ni breki zinazoomba msaada.

Na gia iwekwe mlima haujaanza. Hili ndilo ningelipigia mstari kama kitabu hiki kingekuwa daftari. Lori likishashika kasi, gia ndogo inakataa kuingia, kwa kuwa giaboksi haiwezi kulinganisha mizunguko iliyotofautiana kiasi hicho. Dereva ameshaitoa gia ya juu, ya chini haiingii, ya juu nayo haimpokei tena, na amebaki hana chochote isipokuwa breki zilizokwisha kupata moto. Kwenye gari dogo lenye sinkromeshi nzuri hatari inageuka: gia inaingia! Ukiilazimisha ya pili ukiwa kwenye 100, injini inazungushwa kupita uwezo wake, na valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Sasa frii. Wanaoweka frii mlimani wanasema wanaokoa mafuta, na kwa miaka mingi hakuna aliyewapinga kwa hesabu. Hesabu ni hii. Kwenye injini za kisasa zenye mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kabisa mpaka mizunguko ikaribie ya sailensa, yaani ya injini inayounguruma gari limesimama. Pampu za dizeli za zamani nazo zina gavana inayofanya hivyo. Ukiweka frii, injini haizungushwi na magurudumu tena, kwa hiyo inahitaji kunywa ili isizime. Mlima mkali ukishuka na frii unatumia mafuta mengi kuliko ukishuka na gia, ukaunguza na breki juu yake. Kitu pekee wanachokipata ni kwenye miteremko laini kama ya kwetu, ambako gari lenye frii linaserereka mbali zaidi kabla ya kuhitaji nguvu tena. Kwa vikombe hivyo vichache vya dizeli, breki za upepo zinabaki zikitegemea kompresa inayozunguka polepole, huku dereva akipampu pedali na kuumaliza upepo uliokuwa kwenye matangi. Anayezima injini kabisa ni mwingine; huyo anapoteza na usukani mwepesi, na kama amechomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Kenya walilipia somo hili Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako malori yalisifika vibaya kwa kuteremka na frii hadi serikali ikajenga njia zilizotenganishwa. Kwetu, tarehe 24 Februari 2024, lori lililoshuka Ngaramtoni nje ya jiji la Arusha liligonga magari mengine na kuua watu 25. Polisi walisema breki zilifeli. Taarifa za namna hiyo huishia hapo, na neno kufeli linafanya breki zionekane zimeamua zenyewe. Kila ninaposoma hivyo nataka kujua lori lilikuwa kwenye gia ya ngapi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayawekea malori na mabasi kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na trafiki ana tochi ya kukipima. Gia haina tochi.

Breki zikipotea kweli, kuna mpangilio wa kufuata. Kwenye breki za mafuta, pampu pedali haraka mara kadhaa, maana mafuta yenye mvuke yanaweza kurudisha mshiko kidogo. Usitoe gia iliyopo kabla hujawa na uhakika wa inayofuata. Shuka moja moja. Breki ya mkono ivutwe taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake, ili uweze kuiachia magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza. Washa taa zote za tahadhari na lalia honi. Kisha chagua upande wa ukingo wa mlima na uukwaruze, kabla kona haijakuchagulia korongo. Kwenye malori ya breki za upepo, springi hufunga breki zenyewe upepo ukiisha, na wengi huwa na imani nazo. Springi hizo zinabana viatu vilevile kwenye drami zilezile zenye moto.

Kuna mahali ambapo gia yenyewe ni hatari, na hapo Mara tunapajua vizuri. Masika, ukiiacha lami ukaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga upande wa Bunda, tairi halina cha kushika. Haisi, Noah za zamani na malori karibu yote huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ukishusha gia kwa pupa na kuachia klachi ghafla, injini inayakaba magurudumu hayo peke yake, nayo yanateleza. Nyuma ya gari inataka kutangulia mbele. ABS haikusaidii, kwa kuwa hukukanyaga breki. Hapo ingia kwenye tope ukiwa tayari kwenye gia ndogo, na ukilazimika kushusha, piga resi kidogo klachi ikiwa chini ili mizunguko ilingane, kisha iachie polepole. Ni ufundi uleule wa Land Rover.

Wenye magari ya otomatiki husoma sura ya namna hii wakidhani haiwahusu. IST na wenzake wamejaa mjini, na madereva wao wengi hawajawahi kuusogeza mkono wa gia kupita D. Chini ya D kwa kawaida kuna 2 na L, au herufi B, na mengine yana kitufe cha O/D pembeni mwa mkono. Kazi yake ni hiihii: kuizuia giaboksi isipande gia ya juu, ili injini ishike gari. Mteremko wa kawaida kitufe kinatosha. Ukuta wa Mto wa Mbu unataka 2, na L ni ya mwendo mdogo sana. Ukifika chini, kibonyeze kitufe tena ili taa ya O/D OFF izime kwenye dashibodi, la sivyo utakwenda hadi Arusha injini ikipiga kelele na mshale wa mafuta ukishuka bila sababu.